Maswali ya wasomaji: Mama hataki kuhama, basi nyumba ndo ibadilike

Tuliomba mtuandikie kuhusu kuishi na mzazi aliyezeeka au ndugu mwenye ulemavu, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua tano ambazo naona zinagusa watu wengi. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo na sehemu kubwa ya kazi yangu iko majumbani kwa wagonjwa, kwa hiyo nawajibu kwa yale ninayoyaona huko. Ila kuna kitu nataka mkione kabla hamjasoma, kati ya barua hizi nne zimeandikwa na mtoto, mjukuu, mke, na moja tu ndo ameandika mwenye shida mwenyewe. Siwalaumu, mnaandika kwa sababu mnawapenda, lakini mtaona kwenye karibu kila jibu narudi pale pale, kwamba mwenye nyumba mmemuuliza anataka nini?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mama yangu ana miaka 74 anaishi kijijini Korogwe peke yake toka baba afariki. Magoti yanamsumbua sana, hawezi kuchuchumaa, na choo ni cha shimo kiko nyuma ya nyumba kama mita 25. Juzi kati alianguka usiku akienda chooni akakaa pale chini mpaka asubuhi jirani alipomkuta. Sisi watoto tumekaa kikao tukaamua tumlete Dar, yeye amegoma kabisa anasema hahami kwake. Kaka mkubwa anasema tumchukue hata kwa nguvu. Tufanyeje?
Mtoto wa tatu, Mbagala

JIBU: Pole sana, na mpe mama pole yangu, kulala chini usiku kucha ukisubiri mtu apite ni jambo linalotisha na naelewa kwa nini kaka yenu kaogopa. Lakini kwa nguvu hapana. Kwenye kikao chenu mama hakuwepo, sasa mtu mzima wa miaka 74 aliyewalea nyie wote anapangiwa maisha yake kama mzigo wa kupakia basi. Alafu fikiria vizuri huko Dar anakuja kwenye nini, nyie mnatoka alfajiri mnarudi usiku, yeye anabaki ndani na luninga kwenye mtaa asiojua hata jina la jirani, wakati Korogwe ana shamba lake dogo, ana ibada yake, ana watu wanaompigia hodi asubuhi. Tanzania imeridhia toka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 19 inasema wazi kabisa mtu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, na mama ambaye hawezi kuchuchumaa wala kutembea vizuri na yeye anahusika humo.

Sasa twende kwenye kilichomuangusha. Mnasema uzee, mimi naona mita 25 za giza na shimo la kuchuchumaa, na vyote viwili vinarekebishika pale pale bila kumhamisha.

Anzeni na kiti cha choo. Seremala yeyote wa kijijini anaweza kutengeneza, ni stuli imara yenye tundu katikati, miguu minne iliyotanuka kidogo kwa nje isipinduke, mbao ipigwe msasa vizuri na rangi ya mafuta ili ioshwe. Urefu wake usiukadirie kwa macho, mkalishe mama kwenye kiti akiwa na ndala zake, pima toka sakafuni mpaka kwenye mkunjo nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi inaangukia kati ya sm 38 na 48, na kwa magoti mabovu ongeza kidogo maana kiti kikiwa kifupi kunyanyuka ndo kazi. Tafadhali msichukue kiti cha plastiki mkakikata katikati kama wengi wanavyofanya, kikishakatwa kinakosa nguvu, miguu inachanuka kwenye sakafu yenye maji na mtu anakwenda nacho chini. Kama choo anatumia peke yake mnaweza pia kumwita mwashi ajenge kabisa kwa tofali kuzunguka tundu apige plasta laini juu, hicho hakisogei milele.

Vishikio viwekwe kushoto na kulia, bomba la chuma la maji la inchi moja na nusu linatosha, au hata mti mgumu uliolainishwa. Hapa muwe makini sana, msichimbe wala kutoboa ule mfuniko wa shimo ili kusimika nguzo, hasa kama ni wa magogo na udongo. Nguzo zisimikwe pembeni kwenye ardhi ngumu nje ya shimo au zishikwe na ukuta kama ukuta ni wa tofali, na kabla ya yote fundi aingie akague huo mfuniko wenyewe kama bado mzima. Mlango ugeuzwe ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka ndani ya choo kidogo mwili wake unaziba mlango na hamuwezi kumfikia.

Ile njia ya mita 25 isawazishwe, mawe na mizizi itolewe, alafu muweke fito upande mmoja zenye usawa wa kiuno chake toka mlango wa nyuma mpaka chooni. Korogwe hapo katani iko nje nje na kamba ya katani ni nzuri ya kumuongoza gizani lakini kamba inalegea, mtu akiyumba haimshiki, kwa hiyo kamba iwe ya kuonyesha njia na fito ndo ya kushika. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita ifungwe juu ya mlango wa choo. Na usiku wa mvua kwa nini aende huko kabisa? Stuli nyingine ya aina ile ile ikae chumbani pembeni ya kitanda na ndoo yenye mfuniko chini yake. Hili muulizeni kwa upole na aulizwe na mtoto wa kike, wazee wengi wanaona aibu ndoo yao kumwagwa na mtu mwingine, na aibu hiyo ni ya kuheshimiwa, akisema atamwaga mwenyewe asubuhi mtafutieni ndoo ndogo nyepesi.

Maji pia. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na huyo ana magoti, mnunulieni vidumu vya lita 5 na mlipe kijana wa jirani ajaze pipa lenye koki. Filimbi shingoni, nyepesi, haihitaji chaji wala vocha, na jirani ajue akiisikia aje. Kila asubuhi mtoto mmoja ampigie saa hiyo hiyo, mpangiane zamu. Na kabla sijamaliza, mpelekeni hospitali, mtu akianguka kuna sababu nyingine zinajificha, dawa za presha zinaweza kumpa kizunguzungu akisimama ghafla, macho yanaweza kuwa na mtoto wa jicho, hivo vyote vipimwe.

SWALI: Mambo dokta. Mimi ni kijana wa miaka 31 niko Mwanza, nilipata ajali ya bodaboda nikaumia uti wa mgongo, natumia wilichea. Nimepanga chumba na sebule, mlangoni kuna ngazi mbili, na mlango wa choo wilichea haipiti, kwa hiyo kila kitu mpaka dogo aje anibebe. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuvunja kitu. Mimi ni fundi simu nataka nirudi kibandani kwangu. Nianzie wapi?
Fundi simu, Mwanza

JIBU: Nimefurahi umeandika mwenyewe, na umeandika unachotaka, unataka kurudi kazini, kwa hiyo tunaanza na mlango wa mbele maana ndo unaokutenganisha na kibanda.

Rampu ina hesabu yake na mafundi wengi wa mtaani hawaijui, wanajenga ile fupi ya kupandishia pikipiki. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili, kila sm 1 ya kupanda unahitaji sm 12 za urefu. Ngazi zako mbili tuseme kila moja ni sm 15, jumla 30, zidisha kwa 12 unapata sm 360, yaani mita 3 na sm 60. Fundi akikwambia mita moja na nusu inatosha mkatalie, ikiwa na mwinuko mkali kiasi hicho ukipanda mwenyewe wilichea inakurudisha kinyumenyume na kichwa chako ndo kinatua. Kama nyumba za jirani zimebana na hizo mita 3 na sm 60 hazipo mbele, rampu inaweza kwenda sambamba na ukuta au kukunja kona, ila hapo kwenye kona na hapo juu mlangoni pawe na sehemu tambarare ya mita moja na nusu kwa moja na nusu upate kugeuka na kufungua mlango bila kurudi nyuma. Pembeni weka kingo za sm 5 mpaka 10 tairi lisichepuke. Kama ni ya zege juu wapige ufagio simenti ikiwa mbichi ipate mikwaruzo, wasiweke taili hata kama zinapendeza.

Kuhusu mwenye nyumba, mpelekee kitu kisichovunja kitu. Rampu ya chuma ya kuchomelewa, fremu na bati nene lenye michirizi, inakaa juu ya ngazi zake bila kugusa hata tofali moja, ukihama unahama nayo. Muandikiane karatasi mbele ya mjumbe kwamba ukiondoka unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Nimeona wenye nyumba wengi wakilainika wakiona karatasi, hofu yao ni gharama ya baadae.

Mlango wa choo sasa. Pima wilichea yako pale penye upana mkubwa kabisa, yaani kwenye zile pete unazosukumia, nyingi zinakuja sm 60 mpaka 68. Milango ya choo kwenye nyumba za kupanga mingi ni ya 70, ukitoa fremu na unene wa mlango wenyewe hupati hata 65, wakati ya kupita bila kuumiza vidole ni 80. Hatua ya kwanza ambayo haina gharama ni kuutoa ule mlango ukaweka pazia zito, unapata kama sm 4 hapo hapo na saa nyingine hizo nne ndo zilikuwa zinakosekana. Zisipotosha mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kiti chembamba chenye magurudumu madogo yenye breki, unahamia humo mlangoni unaingia nacho mpaka juu ya tundu la choo na hicho hicho unaogea. Huko ndani pa kugeukia hutakuwa napo, kwa hiyo zoea kuingia kwa kurudi nyuma.

Naomba nikukalishe kidogo kwenye jambo ambalo hukuuliza. Kama chini ya kiuno huhisi, nyumba yako ina hatari ambazo dogo hazioni. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko kabla hayajagusa mguu. Sufuria ya moto usiipakate kamwe hata kwa hatua mbili, tafuta sinia lenye miguu au mkokoteni mdogo. Jiko la mkaa likae mbali na goti. Na makalio, kila baada ya dakika 15 mpaka 30 jinyanyue kwa mikono au inamia pembeni damu ipite, usiku geuka, na kila asubuhi jiangalie kwa kioo kidogo kama kuna sehemu imebadilika rangi. Kidonda cha kukaa kinaanza na doa tu alafu kinakulaza miezi, na kijana aliyekuwa anarudi kazini anaishia wodini. Kaa juu ya mto wa sponji ngumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, usikalie kile kitambaa kitupu cha wilichea.

Kibandani meza iwe na nafasi ya wazi chini isiyopungua sm 70 magoti yaingie, droo ziwe pembeni, na vipuri unavyovitumia kila siku viwe usawa wa mkono wako ukiwa umekaa. Kwa mtaji nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri asilimia 2 ni ya mikopo ya watu wenye ulemavu na haina riba. Na kama wilichea yako ni ile ya hospitali ya magurudumu madogo mbele, kwa njia za Mwanza zenye miamba na vilima itakutesa, zipo zenye gurudumu kubwa mbele kwa ajili ya njia mbovu. Moshi pale kwenye chuo cha TATCOT wanafundishwa watu kazi hiyo ya viungo bandia na viti mwendo, kwa hiyo ulizia hospitali ya rufaa akupime mtu aliyesomea, kiti kikipishana na mwili wako nacho kinaleta vidonda.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Maskati, bibi yangu yuko Unguja Mji Mkongwe anakaa ghorofa ya pili na binti anayemsaidia. Amepata kiharusi upande wa kushoto, sasa hivi anatembea kwa bakora. Nimeona kwenye intaneti kiti cha umeme kinachopanda ngazi, nataka nimnunulie, au nimtoe kabisa nimjengee nyumba Fuoni. Kipi bora?
Mjukuu wake

JIBU: Waalaykum salaam, Mungu amponye bibi. Kiti cha umeme mimi sikushauri, na si kwa sababu ni kibaya. Reli yake inakatwa kwa vipimo vya ngazi husika, na ngazi za Mji Mkongwe unazijua, zimesimama wima, nyembamba, zina kona, mbao zake za zamani. Na ikiharibika fundi wa kuijua umtafute wapi. Juu ya hapo Mji Mkongwe ni urithi wa dunia toka 2000 na kubadilisha nyumba kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwa hiyo hata hili dogo ninalokushauri hapa chini mtu wenu aende kwanza pale ofisini akaulize.

Kwanza ulizeni, bibi anashuka mara ngapi? Kama anashuka kwa ajili ya hospitali na mazishi tu na wageni wake wanapanda kumsalimia, basi kazi kubwa iko huko juu anakoishi na ngazi ni ya mara moja moja.

Ngazi yenyewe iwekwe reli pande zote mbili, na watu hawaelewi kwa nini mbili. Mkono wake mzima ni wa kulia. Akipanda, kulia kwake ni ukuta huu, akishuka, kulia kwake ni ukuta ule mwingine, kwa hiyo ukiweka reli moja umemsaidia kupanda ukamwacha wa kushuka, na wa kushuka ndo wanaoanguka. Mfundisheni na mguu, kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia mguu mgonjwa. Binti akimsindikiza kushuka akae mbele yake ngazi moja chini, kupanda akae nyuma yake. Kwenye kona pakiruhusu wekeni kiti kidogo apumzike. Ukingo wa kila ngazi upakwe ukanda wa rangi nyeupe.

Zile kuta ni za mawe na chokaa, boliti fupi ya kawaida inazunguka tu ndani na plasta inamwagika. Tafuteni fundi anayejua chokaa, afunge kwanza ubao mrefu mgumu ukutani kwa boliti ndefu zinazofika kwenye jiwe, alafu reli ifungwe kwenye ubao. Chuma kiwe stenlesi, hewa ya bahari pale inakula chuma cha kawaida upesi na kutu inachana mikono. Ule mlango mkubwa wa chini wenye kizingiti kirefu msiuguse, wekeni kipande cha mbao kinachoinuka taratibu ndani na nje, na kishikio kwenye ukuta pembeni.

Huko juu, kitandani ashukie upande wa kulia, kishikio cha chooni na cha bafuni kiwe upande wa kulia, kiti cha kuogea kiwe na miguu yenye mpira. Kanga na dera anazivaa mwenyewe akianza na mkono mgonjwa kwanza, akivua anaanza na mzima, mwambie binti asimvalishe, ampe muda hata nusu saa, kila anachofanyiwa ambacho angekiweza mwili unakisahau.

Kuhusu Fuoni, mjengee kama yeye anataka. Akihama anaacha majirani wa umri wake, adhana anayoijua, upepo wa dirisha lake. Akisema ndio, basi jenga chini, msingi uwe mfupi usihitaji ngazi, milango yote 90, hakuna vizingiti ndani, bafu na chumba vilingane usawa maji yaelekezwe kwenye tundu kwa mteremko, na pale karibu na choo bloku zijazwe zege kabisa ili kishikio kipate pa kushika. Ukifanya hivyo wakati wa kujenga ni karibu bure, ukija kuvunja baadae unalia. Na kama bibi ametimiza 70 hakikisheni yuko kwenye Pensheni Jamii ya Zanzibar, ilianza 2016, na ile hela aishike yeye, mtu mwenye hela yake mkononi anaagiza samaki anayemtaka.

SWALI: Daktari hujambo. Mimi ni mama wa Likoni, mume wangu ana presha ya macho, kuona kumepungua sana. Anajikwaa kila siku ndani ya nyumba, juzi kaanguka juu ya beseni. Nimeamua namfanyia kila kitu lakini sasa amekuwa mtu wa hasira, hazungumzi. Nifanyeje na hii nyumba?
Mama wa Likoni

JIBU: Sijambo mama, pole na kazi. Hasira yake mimi naielewa, na utaiona inapungua ukimrudishia kazi zake.

Presha ya macho inaanza kwa kula pembeni, anaweza kukuona usoni vizuri kabisa na asione beseni lililo mguuni, kwa hiyo usidhani anafanya uzembe. Nyumba yako ipe sheria moja kali, kila kitu kina pahali pake na kinarudi hapo hapo, viatu, mabeseni, vibao vya mbuzi, ndoo, hata watoto wa majirani wakija waambiwe. Mlango uwe wazi kabisa mpaka ukutani au umefungwa, ule wa nusu ndo unaopasua uso. Mazulia madogo toa yote. Samani usihamishe bila kumwambia, na ukihamisha mtembeze umshikishe.

Alafu rangi. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe haoni, mpe sahani ya buluu au nyekundu, chai nyeusi kwenye kikombe cheupe. Fremu ya mlango ipakwe rangi tofauti na ukuta, siwichi ya taa izungushiwe utepe mweusi, ukingo wa ngazi ya mlangoni upakwe manjano. Taa iwe kali lakini isimpige machoni. Kwenye jiko la gesi weka tone la rangi ya kucha nene pale ambapo swichi imezimwa, akipapasa anajua, na kama zamani alikuwa ndo anachemsha chai ya asubuhi mrudishie hiyo kazi. Simu yake kama ni Android ina TalkBack ndani, inasoma kila anachogusa, mjukuu wa shule atamfundisha.

Mpeleke akajiandikishe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, hapo Kenya kuna nafuu za kodi na vifaa, na aulizie mafunzo ya fimbo nyeupe maana fimbo bila mafunzo inabaki mlangoni. Dawa za matone asiache hata kama haoni tofauti, zinalinda kile kilichobaki. Na watoto wenu wakubwa wapimwe macho, ugonjwa huu unarithiwa kwenye ukoo.

SWALI: Nimemnunulia baba kishikio cha bafuni cha kubandika, kile cha mipira inayonyonya taili, hakihitaji kutoboa. Kinafaa? Nyumba ni yetu wenyewe, tuko Arusha.

JIBU: Kwa kubeba uzito wa mtu hapana. Kile kinashika vizuri leo, kesho hewa imeingia au taili ina sabuni kinaachia wakati baba ndo kakilalia. Kwa vile nyumba ni yenu toboeni, kishikio cha bomba lenye unene wa kukumbatika na kiganja, sm 3 na nusu hivi, kiache nafasi ya sm 4 kutoka ukutani mkono uingie lakini kiwiko kisipenye, urefu wake toka sakafuni sm 85 mpaka 90 kwa mtu wa kimo cha kawaida, ila msimamishe baba pale pale aonyeshe mkono wake unaenda wapi akitaka kushika, wekeni alama hapo. Fundi atoboe taili taratibu kwa kekee ya taili, alafu boliti zifike kwenye tofali au zege yenyewe zisiishie kwenye plasta. Na mwambieni asishike sinki wala ile reli ya taulo, havikufungwa kwa kazi hiyo. Kikishafungwa, wewe mwenyewe au yule ndugu yenu mnene kuliko wote akivute kwa nguvu zake zote chini na pembeni, kikicheza hata kidogo kifunguliwe kifungwe upya kabla baba hajakigusa.